Kigae, Saa ya Maji na Taa ya Udongo: siku nane kutoka Athens hadi Roma

Kabla ya kuondoka

Njia hii inaanzia Athens na kuishia Roma. Katikati hakuna ndege: ni miguu, treni, gari la kukodi na meli ya usiku. Viza ya Schengen ni moja kwa nchi zote mbili, na ombi hupelekwa kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Hapa ni Ugiriki: unalala huko mara tano, Italia mara mbili. Anayepeleka ombi Italia kwa sababu tu miadi ilipatikana upesi anajitafutia matatizo, maana ratiba yake mwenyewe itamsuta. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, lisichelewe kupita siku 15 kabla, na bima ya safari iwe ya euro 30,000 kwenda juu.

Nenda Aprili, Mei au Oktoba. Katikati ya kiangazi Acropolis, kilima cha mahekalu, hufungwa mchana siku za joto kali, na aliyelipia tiketi ya saa hizo hubaki nje. Viatu viwe na soli ya mpira yenye meno. Marumaru ya kule imesuguliwa na nyayo mpaka inateleza hata ikiwa kavu. Chukua daftari dogo. Kazi yake itaonekana siku ya sita.

Siku ya 1: Agora, Athens

Wageni wengi hupanda Acropolis kwanza, wakashuka Agora, uwanja wa kale wa soko, jua likiwa utosini, wakaona mawe tu. Geuza mpango. Ingia Agora saa mbili asubuhi na uende moja kwa moja kwenye ukumbi mrefu wa Stoa ya Attalos, uliojengwa upya kati ya 1952 na 1956. Ndani yake kuna jumba la makumbusho la chumba kimoja kirefu, na vitu vinavyostahili safari nzima ni vidogo kiasi cha kukaa kwenye meza ya chakula.

Cha kwanza ni saa ya maji ya mahakamani: vyungu viwili, kimoja juu ya kingine. Cha juu kina kijibomba kifupi cha shaba karibu na kitako, na tundu chini kidogo ya mdomo ili maji yakizidi yamwagike na kila msemaji apate kipimo kilekile. Kipimo ni choe mbili, kama lita 6.4, na huisha kwa takriban dakika sita. Mshtaki anaongea, maji yanatoka, yakikata, amemaliza. Katika kesi za watu binafsi tundu lilizibwa wakati karani akisoma sheria au ushahidi, ili muda wa msemaji usiliwe na karatasi. Kadiri maji yanavyopungua ndivyo mkondo unavyolegea, kwa hiyo msemaji hakuhitaji kuonywa. Alitazama tu mchirizi. Anayetaka kuijaribu atumie ndoo mbili za plastiki na mrija wa kalamu. Apime kwa simu kwanza, kisha apanue tundu kidogo kidogo, kwa sababu tundu likishapita kiasi halirudi. Kamati ya harusi yenye wajumbe 20 wasiojua kufupisha maneno ni mahali pazuri pa kuianzishia.

Cha pili ni kipande cha jiwe la bahati nasibu, kleroterion. Ni bamba la marumaru lenye safu za nyufa nyembamba. Kila raia aliyefika asubuhi kutaka kuwa mwamuzi alitoa kibao chake chenye jina, kikachomekwa kwenye ufa. Ubavuni mwa jiwe palikuwa na mrija wa kudondoshea gololi nyeupe na nyeusi zilizochanganywa. Ikitoka nyeupe, mstari wote wa watu unaingia mahakamani. Ikitoka nyeusi, mstari wote unarudi nyumbani. Huwezi kumhonga mwamuzi ambaye hata yeye mwenyewe hajui kama atakuwa mwamuzi leo. Baraza la watu 500 lilipatikana pia kwa kura ya bahati, watu 50 kutoka kila kabila kati ya makabila kumi, na mtu hakuruhusiwa kukaa humo zaidi ya mara mbili maishani. Majenerali kumi, hao walichaguliwa kwa kupigiwa kura na waliweza kurudi tena na tena. Kazi ya utaalamu hawakuiachia gololi. Wanaolisifia jiwe hili leo kama dawa ya kila uchaguzi hukiruka kipengele hicho, na husahau pia kwamba wanawake, watumwa na wageni wakazi hawakuwa na kibao chochote cha kuchomeka.

Kando yake kuna visahani vya shaba vya kupigia kura ya hukumu. Kila mwamuzi alipewa viwili: kimoja mhimili wake una tundu, ni kura ya mshtaki, kingine mhimili wake ni mzima, ni kura ya mshtakiwa. Unabana ncha za mhimili kwa kidole gumba na cha shahada, tundu linafichika, unatumbukiza. Aliye karibu nawe haoni kitu. Mwanafalsafa Socrates alihukumiwa mwaka 399 KK na waamuzi wapatao 500, na kura kama 30 tu zingehama upande angeachiwa.

Halafu vigae. Mara moja kwa mwaka Waathene waliweza kuamua kumwondoa mtu mmoja mjini kwa miaka kumi, bila mashtaka na bila kutaifisha mali yake. Kila mmoja alikwaruza jina kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, na zoezi halikuwa na nguvu bila vigae 6,000. Vigae ndivyo vilivyokuwa karatasi ya bei rahisi. Kwenye kabati la kioo soma majina: Themistokles, Aristeides, Kimon, Perikles. Katika kisima kimoja kwenye mteremko wa kaskazini wa Acropolis vilipatikana vigae kama 190 vyenye jina la Themistokles, na miandiko yake ni ya watu wachache tu. Kuna kikundi kilichokaa kikaandika kura za kugawa kwa wengine. Msomaji wa kwetu hahitaji kufafanuliwa hilo.

Siku ya 2: Ukumbi, shamba na bustani

Upande wa pili wa barabara ya Adrianou, ng'ambo ya reli, kuna shimo lililozungushiwa uzio. Chini yake ni mabaki ya Stoa Poikile, ukumbi wa picha, ambamo Zeno wa Kition alianza kufundisha karibu na mwaka 300 KK. Hapakuwa na ada wala mlango. Aliongea barazani mahali pa umma, na wafuasi wakapewa jina la baraza hilo. Biblia ya Kiswahili huwaita Wastoiko, na katika Matendo 17 wanakutana na Paulo humu humu Athens wakiwa pamoja na Waepikureo.

Kutoka hapo tembea hadi Kerameikos, toka kwa lango la Dipylon, na uendelee kama nusu saa hadi mtaa wa Akadimia Platonos. Chuo cha Plato leo ni bustani ya umma isiyo na tiketi. Watoto wanacheza mpira, wazee wamekaa kwenye mabenchi, misingi ya kuta imelala kwenye nyasi. Anayetarajia nguzo atarudi amenuna.

Bustani ya mwanafalsafa Epicurus ilikuwa kwenye njia hiyohiyo, nje ya lango. Hakuna kibao cha kukuonyesha. Jina lake limeharibiwa. Watu hudhani Mwepikureo ni mlafi. Mwenyewe aliishi kwa mkate na maji, na aliwahi kumwomba rafiki amletee chungu kidogo cha jibini ili siku akitaka kufanya karamu aweze. Kazi aliyowapa wanafunzi ni ya kupanga tamaa katika mafungu matatu. La kwanza ni la asili na lazima: kula, kunywa, kujisitiri. La pili ni la asili lakini si lazima, kama chakula cha anasa. La tatu si la asili wala si lazima, kama kutaka kuvikwa taji na kusimamishiwa sanamu. Chukua matumizi ya mwezi uliopita, yaliyomo kwenye simu yatatosha, uyagawe hivyo. Kosa la kawaida ni kujaza fungu la kwanza. Kipimo chake ni kuuliza kama kukikosa kitu hicho kunaleta maumivu ya mwili au ni aibu tu. Data ya simu huwa ngumu kuipangia. Iandike mara mbili, ya kazi na ya kuperuzi.

Lyceum, shule ya mwanafalsafa Aristotle, ipo katikati ya jiji, mtaa wa Rigillis. Iligunduliwa 1996 walipokuwa wakichimba msingi wa jumba la sanaa, ikafunguliwa 2014. Nusu saa inatosha.

Siku ya 3: Korintho

Treni ya kitongoji inakushusha Korintho mpya. Magofu yako kijiji cha Archaia Korinthos, kilomita kadhaa kutoka hapo, na wasioambiwa hutembea mji mpya wakitafuta hekalu. Chukua teksi.

Cha kuangalia ni bema, jukwaa la mawe katikati ya soko. Ndipo kilipokuwa kiti cha hukumu cha Galio, liwali wa Akaya, katika Matendo 18. Wasomaji wengi wa Biblia hawajui kwamba Galio huyu ni kaka wa Seneca, mwanafalsafa wa Kistoiko, na kwamba maandishi ya Seneca juu ya hasira yaliandikwa kwa ajili ya kaka huyohuyo, kabla hajabadili jina kwa kuasiliwa na familia nyingine. Kwa hiyo tunaye mtu aliyepokea somo la utulivu nyumbani, na tunayo siku moja ya kazi yake.

Siku hiyo aliamua nini? Wazee wa sinagogi walimleta Paulo. Galio akasema huo ni ubishi wa maneno na majina ya dini yao, akawafukuza. Kisheria ni sawa, na pengine ni busara. Kisha umati ukamshika Sosthene, mkuu wa sinagogi, ukampiga mbele ya kiti chenyewe, na Galio hakujali. Hapo ndipo utulivu unapogeuka kuwa ugumu wa moyo. Ustoiko unaouzwa mitandaoni leo mara nyingi ni wa Galio: usisumbuke, si lako. Hakimu anayeona mtu akipigwa mita chache kutoka alipoketi ana jambo lililo ndani ya uwezo wake kabisa. Wastoiko wenyewe waliihesabu haki kuwa moja ya fadhila nne, sambamba na hekima, ujasiri na kiasi.

Siku ya 4: Delphi

Athens ina vituo viwili vikubwa vya mabasi ya mikoani, Kifissos na Liosion, na kosa la kwanza la asubuhi ni kwenda kisicho chako. Hata hivyo hapa ndipo inapofaa kuchukua gari la kukodi, kwa sababu kesho njia ya basi inakatikakatika. Delphi iko kama kilomita 180, juu kwenye mabega ya mlima Parnassos.

Kwenye hekalu la Apollo paliandikwa misemo mitatu. Mawe yenye maandishi hayo hayapo tena, kwa hiyo usipoteze muda kuyatafuta. "Jitambue" na "Usizidishe" zinajulikana dunia nzima. Ya tatu huachwa nje ya fulana na vikombe vya watalii: weka dhamana, na hasara iko karibu. Wagiriki walimjua mdhamini wa mkopo kama anavyojulikana kwenye SACCOS zetu, ambako mkopaji akihama mji, akiba ya mdhamini ndiyo inayokatwa. Msemo haukatazi kusaidia. Unaonya kuhusu saini. Kabla ya kuiweka, andika kiasi chote cha deni pamoja na riba, ujiulize kama unaweza kukilipa peke yako. Ukiona huwezi, mpe mwombaji pungufu unachoweza kukisahau, mkononi, bila fomu.

Msemo wa kwanza nao ulikuwa na maana kavu kuliko tunavyoupamba. Ulimkumbusha anayeingia kwamba yeye ni binadamu, si mungu, asije kutega sikio lake lisikie linachotaka. Croesus, mfalme wa Lydia, aliambiwa na mtabiri wa hekalu hili kwamba akiwapiga vita Waajemi ataangusha dola kubwa. Hakuuliza ipi. Ilikuwa yake.

Katika jumba la makumbusho vimehifadhiwa vipande vya jiwe lenye barua ya Kaisari Klaudio inayomtaja Galio kama rafiki yake. Ndicho kinachowawezesha wanahistoria kusema Paulo alikuwa Korintho karibu na mwaka 51 au 52 BK.

Siku ya 5: Nicopolis

Shuka Itea, fuata pwani hadi Nafpaktos, pita Messolonghi, na uvuke chini ya bahari kwa handaki la Aktio hadi Preveza. Ni kama saa nne. Jaza mafuta mapema. Nicopolis iko kaskazini kidogo ya mji. Octavian, aliyekuja kuwa Kaisari Augusto, aliijenga kusherehekea ushindi wake wa mwaka 31 KK dhidi ya Antony na Cleopatra, na kwenye mnara wa ushindi bado unaona mashimo ya mawe yaliyochongwa kwa umbo la pua za shaba za meli zilizotekwa.

Lakini mtu wa mji huu ni mwanafalsafa Epictetus. Alizaliwa mtumwa Hierapolis, alitumikishwa Roma, akaachwa huru, na Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa akaja kufungua shule hapa. Hakuandika kitu, mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyenukuu.

Alikuwa na taa ya chuma mbele ya sanamu za miungu wa nyumbani. Usiku mmoja akasikia kishindo, akakimbia, akakuta imeibwa. Akasema kesho nitanunua ya udongo. Hesabu yake ilikuwa hivi: mwizi amenizidi kwa kukesha, lakini amelipa bei kubwa, kwa taa amekubali kuwa mwizi. Baada ya kifo chake, mwandishi Lukiano anasimulia, mtu mmoja aliinunua hiyo taa ya udongo kwa drachma 3,000 akitumaini kwamba akisoma chini ya mwanga wake hekima itamwingia.

Zoezi lake linalofaa kuchukuliwa ni la kwenda bafuni, maana bafu lilikuwa la umma. Kabla ya kutoka, alisema, taja kinachotokea huko: kurushiwa maji, kusukumwa, kutukanwa, kuibiwa. Kisha jiambie: nataka kuoga, na nataka pia kubaki na akili yangu timamu. Weka daladala au matatu mahali pa bafu, halihitaji marekebisho. Hatua ni tatu: taja unachokwenda kufanya, taja mambo matatu au manne ya kawaida yatakayokuudhi, taja unachotaka kukilinda. Zoezi huharibika kwa njia mbili. Wapo wanaotaja ajali na vifo badala ya konda kukataa kurudisha chenji. Hao wanazalisha wasiwasi. Na wapo wanaoishia hatua ya pili, wakapanda gari wakiwa tayari wamekasirika.

Siku ya 6: Igoumenitsa, usiku baharini

Asubuhi ni ya magofu, mchana ni ya barabara. Rudisha gari Igoumenitsa. Mikataba mingi ya kukodi hairuhusu kulivusha Italia. Soma tiketi vizuri, kwa maana bandari hii ina meli za Bari na za Brindisi na majina yanafanana machoni pa mtu mwenye usingizi. Kwenye viti vya bei nafuu kiyoyozi ni baridi, vaa sweta.

Sasa toa daftari. Seneca alikuwa na desturi aliyojifunza kwa mwanafalsafa Sextius: taa ikishazimwa na mkewe amenyamaza, anaipitia siku yake yote. Maswali ni matatu. Ni ubaya gani wako umeutibu leo? Ni kosa gani umelikataa? Umekuwa bora kwa upande gani? Mifano yake mwenyewe ni midogo: umebishana na watu wasiotaka kujifunza, umemkanya fulani kwa ukali kuliko ilivyofaa, hukumrekebisha, umemuudhi. Halafu anajiambia: usirudie, safari hii nakusamehe.

Dakika kumi zinatosha, mistari mitano. Likizidi hapo linakuwa shajara, na kufikia wiki ya pili mtu amechoka ameacha. Anayeruka sentensi ya msamaha huacha upesi zaidi, kwa sababu hakuna anayependa kushtakiwa kila usiku na mahakama isiyoachilia. Andika matendo, usiandike tabia: "nilimkatiza dada wa mapokezi" inarekebishika kesho, "mimi ni mkorofi" haishikiki popote. Na tukumbuke kwamba Seneca huyu alishutumiwa waziwazi kwa kujikusanyia sesterce (sarafu za Kirumi) milioni 300 katika miaka minne ya kuwa karibu na Kaisari Nero. Nero huyohuyo alimwamuru ajiue mwaka 65.

Siku ya 7: Brindisi hadi Roma

Juu ya ngazi za bandari inasimama nguzo moja ndefu. Zilikuwa mbili, ya pili ilianguka 1528 na vipande vyake vikapelekwa Lecce. Hapa ndipo inapofika Via Appia, barabara iliyoanzwa 312 KK na kuingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024. Treni hadi Roma ni zaidi ya saa tano.

Kipande cha Capua hadi Roma ni karibu kilomita 200. Mwaka 71 KK, uasi wa Spartacus ulipokwisha, watumwa 6,000 walisulubiwa kandokando yake. Ukigawanya sawasawa ni msalaba mmoja kila mita 30 na kitu. Seneca aliandika kwamba mtumwa ni mtu na inafaa kula naye meza moja, na aliendelea kuwa na watumwa. Epictetus, aliyekuwa mtumwa, alifundisha uhuru wa ndani. Hakuna kati yao aliyedai utumwa ufutwe. Ukisoma falsafa yao bila barabara hii, umesoma nusu.

Siku ya 8: Roma

Mgeni anayezungumza Kiswahili ana faida moja hapa. Warumi walihesabu saa kuanzia macheo: saa ya kwanza asubuhi, saa sita adhuhuri, kama sisi. Tofauti ni kwamba waligawa mchana sehemu 12 msimu wowote, kwa hiyo saa ya kiangazi ilikaribia dakika 75 na ya kipupwe 45.

Anza Largo Argentina, uwanja wa magofu wenye paka. Upande wa magharibi, nyuma ya mahekalu, kuna mawe ya ukumbi wa Pompey alipouawa Julius Caesar tarehe 15 Machi 44 KK. Wengi wa kizazi cha shule za Tanzania walimjua kupitia tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka 1963. Waliokula njama walikuwa kama 60, majeraha 23. Walipanga kila kitu hadi dakika ya kisu. Kesho yake hawakuwa wameipanga. Hawakuwa na jeshi mkononi, wakamwacha Antony, mshirika wa Caesar, hai na akapata mazishi ya kuhutubia. Jamhuri waliyotaka kuiokoa haikurudi.

Panda Capitolini. Farasi wa shaba uwanjani ni nakala. Sanamu ya asili, ya Kaisari Marcus Aurelius juu ya farasi, iko ndani ya jumba la makumbusho. Simama ubavuni uangalie miguu: imening'inia, vidole chini, kwa sababu Warumi hawakuwa na vikuku vya kukanyagia. Sanamu ilinusurika kuyeyushwa kwa kuwa watu wa zama za kati walidhani ni Konstantino, Kaisari Mkristo. Mtu huyu alijiandikia kwa Kigiriki, kambini karibu na Danube, na asubuhi alijikumbusha kwamba leo atakutana na mdaku, asiye na shukrani na mwenye kiburi. Jioni ilipofika alikuwa bado na tauni, vita, na mwana aitwaye Commodus. Makaisari wanne kabla yake walimrithisha mtu waliyemchagua na kumfanya mwana. Yeye alimpa mwanawe wa kumzaa, na utawala ule ukaishia kwa kijana kunyongwa bafuni. Hakuna aliyekuwa na gololi nyeusi ya kumzuia.

Mwisho ni Piazza Colonna, dakika 15 kwa miguu. Nguzo ya Marcus ina michongo ya vita vyake ikizunguka kutoka chini hadi juu, na kileleni palikuwa na sanamu yake. Tangu 1589 aliyesimama pale ni Paulo, aliyewekwa na Papa Sixtus wa Tano. Papa alitengeneza pia kitako na kuandika juu yake kwamba nguzo hii ni ya Antoninus Pius. Ilikuwa ya Marcus, mwanawe wa kuasili, na maandishi yenye kosa bado yanasomeka.